Maisha ya Pili ya Ganda la Risasi

Mjomba wangu ana kibanda cha mabati Kibera, si mbali na reli, na kazi yake ni kugeuza mifereji mibovu na kufuli zilizokufa kuwa bangili. Brasi ndiyo inalipa kodi yake. Ananunua kwa kilo kutoka kwa watu wa skrapu, anayeyusha, anamwaga kwenye mchanga, halafu anaingia kazi ya nyundo. Nilipoacha chuo katikati ya mwaka wa tatu, baada ya karo kutushinda mimi na mama, nilienda kukaa naye wiki mbili tu nijipange. Hizo wiki mbili sasa zimegonga miaka minne.

Siku yangu ya kwanza pale nilimwona akipiga kipande cha brasi mpaka kikakataa. Nyundo ilianza kuruka, na mlio ukabadilika, ukawa mkali kama wa kengele. Mjomba hakubishana nacho. Alikishika kwa koleo, akakiweka kwenye makaa mpaka kikaanza kuiva wekundu wa mbali, akakitumbukiza kwenye debe la maji, akakirudisha kwenye fuawe. Kikaanza kukubali nyundo tena kama kitu kipya.

"Ilikuwa imechoka," aliniambia. "Ukiilazimisha itapasuka. Ipe moto kidogo isahau."

Nilicheka, kwa sababu hilo lilikuwa somo zima nililokuwa nimelipia. Nilikuwa nasomea uhandisi, na kuna mhadhiri mmoja ambaye siku moja aliacha milinganyo ubaoni akatusimulia habari za jeshi, farasi na risasi zilizopasuka zenyewe bila mtu kuzigusa. Dakika kumi hivi. Ndiyo siku pekee kwenye darasa hilo ambayo sikusinzia. Mtihani wake sikuufanya, lakini hadithi yenyewe sikuiacha. Nimekuwa nikiifuatilia tangu hapo, na nimegundua kwamba inapita karibu na kwetu kuliko mhadhiri alivyotuambia.

*

Tuanze na kitu chenyewe. Watu wengi tukisema risasi tunafikiria kile kinachotoka kwenye mtutu. Lakini risasi nzima ina sehemu nne. Kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Kuna baruti inayokisukuma. Kuna fataki, kile kiduara kidogo kitakoni kinachogongwa na pini ya bunduki na kuwasha baruti. Halafu kuna ganda, kikopo cha brasi kinachoshika vitu vyote hivyo pamoja. Kichwa kikienda zake, ganda ndilo linalotupwa nje na kubaki pale chini.

Ganda lina kazi ngumu kuliko linavyoonekana. Baruti ikiwaka, gesi inalisukuma ganda kwa nguvu pande zote. Lazima livimbe mara moja na kubana kuta za chemba ya bunduki, ili gesi isirudi nyuma kwenye uso wa mwenye kufyatua. Muda mfupi sana baadaye lazima lijikunyate kidogo, la sivyo litakwama na bunduki itageuka rungu. Kwa hiyo unahitaji madini laini ya kutosha kunyumbuka na yenye ugumu wa kutosha kurudi. Baada ya majaribio mengi, viwanda vya dunia vilikubaliana juu ya mchanganyiko mmoja: shaba sehemu 70, zinki sehemu 30. Hii ndiyo brasi ya risasi, na mpaka leo inaitwa hivyo hata inapotengenezewa vitu vingine kabisa.

Haikuanza hivyo. Mpaka katikati ya karne ya 19 majeshi mengi yalifunga baruti na risasi kwenye karatasi. Waingereza walipohamia kwenye brasi, walianza na karatasi nyembamba ya brasi iliyokunjwa kama sigara na kufungwa kwenye kitako cha chuma. Muundo huo ulikuwa wa Edward Boxer, ofisa wa maabara ya jeshi kule Woolwich, London, na ulitumika kwenye bunduki ya Martini-Henry iliyoanza kutolewa mwaka 1871. Ilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kuharibika. Tarehe 17 Januari 1885, pale Abu Klea katika jangwa la Sudan, jeshi la Waingereza lilizungukwa na wafuasi wa Mahdi, na bunduki nyingi zikakwama katikati ya mapigano. Bunduki zilikuwa zimeshika moto, mchanga ulikuwa kila mahali, na yale maganda ya kukunjwa yaling'ang'ania ndani huku kitako kikinyofoka. Watu walikufa wakiwa na bunduki iliyojaa mkononi.

Baada ya hapo walihamia kwenye ganda la kipande kimoja, na hapa ndipo kazi ya mjomba wangu inapoingia kiwandani. Unakata kiduara cha brasi kama sarafu nene. Unakisukuma kwenye kifa mpaka kiwe kikombe. Kikombe unakipitisha kwenye tundu dogo zaidi kirefuke, halafu dogo zaidi tena. Kila mara brasi inakomaa, kama kile kipande kilichokataa nyundo. Kwa hiyo kati ya hatua na hatua inaingizwa kwenye tanuri, joto la nyuzi mia kadhaa, ilainike, ioshwe kwa asidi, irudi kwenye mashine. Mwishoni mdomo wa ganda unafinywa kuwa shingo nyembamba ya kushika kichwa. Risasi nyingi za kijeshi hadi leo zina kivuli cha rangi ya kahawia na samawati pale shingoni. Huo ni alama ya moto wa mwisho. Kampuni zinazouzia raia huisugua ing'ae, kwa sababu mteja akiiona anadhani ameuziwa kitu kilichoungua.

*

Sasa hadithi ya farasi.

Jeshi la Waingereza lililokaa India lilikuwa na tatizo ambalo halikuwa na adui. Msimu mkubwa wa mvua ukifika, shughuli za kijeshi zilipungua, na risasi ziliwekwa ghalani kungoja kiangazi. Mara nyingine ghala lilikuwa ni zizi la farasi. Unaweza kuelewa kwa nini: lina paa, lina kuta, lina mlinzi. Kiangazi kikirudi, masanduku yalifunguliwa na risasi nyingi zikakutwa zimepasuka. Hakuna aliyezifyatua, hakuna aliyeziangusha. Zilikuwa zimelala tu. Nyufa zilikuwa nyembamba kama unywele, nyingi pale shingoni ambapo brasi imebana kichwa cha risasi.

Kwa kuwa zilitokea na msimu, ziliitwa nyufa za msimu. Jina hilo linakuambia wakati tu. Sababu lilikuwa halijaigusa, na kwa miaka mingi watu waliendelea kulitumia kana kwamba lilikuwa jibu.

Sababu ilikuwa puani pao muda wote. Kama umewahi kuingia choo cha stage saa saba mchana, unaijua amonia. Mkojo ukikaa, bakteria huivunja urea iliyomo na kutoa gesi hiyo inayochoma macho. Zizi lenye farasi wengi, katika unyevu wa miezi ya mvua, lilikuwa tangi la amonia. Na amonia ikipata unyevu na hewa, huishambulia shaba iliyo ndani ya brasi. Inaanzia pale chembe moja ya madini inapokutana na nyingine, inapenya polepole kama maji kwenye ukuta wa udongo.

Lakini amonia peke yake haitoshi kupasua ganda kwa namna hiyo. Lazima ganda lenyewe liwe tayari linajivuta. Na lilikuwa linajivuta, tangu kiwandani. Brasi iliyofinywa ikiwa baridi hukubali umbo jipya kwa nje, ila ndani kuna sehemu zinavuta huku na nyingine zinasukuma kule, na hakuna inayoachia. Kwa macho ganda ni zima, linang'aa, mkaguzi amelipitisha. Ule mkazo uko ndani umenyamaza, unangoja kitu kidogo cha kuufungulia mlango.

Hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Mara nyingi tunadhani kitu huvunjika siku kinapopigwa. Risasi za India zilivunjwa na siku zilipotengenezwa na mahali zilipowekwa, na zikapasuka wakati wa amani.

*

Kabla jibu halijapatikana, vita vya kwanza vya dunia vilifika kwetu. Mwanzoni mwa Novemba 1914, kikosi kilichotoka India kilishuka pwani ya Tanga kuiteka koloni la Wajerumani. Kilishindwa vibaya na jeshi dogo la Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo wengi wake walikuwa askari Waafrika. Kilipokimbilia melini kiliacha vitu vingi ufukweni. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika baadaye kwamba walipata bunduki za rashasha 16 na risasi zaidi ya laki 6.

Ushindi huo haukuwatosha. Bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na koloni halikuwa na njia ya kuletewa mzigo. Mwezi wa Aprili 1915 meli moja ilijaribu. Jina lake halisi lilikuwa Rubens, ila ilisafiri ikijifanya ya Kidenmark, kwa jina la Kronborg. Manowari ya Waingereza iitwayo Hyacinth iliifuma kaskazini mwa Tanga. Nahodha aliiingiza kwenye ghuba ya Manza, meli ikashambuliwa, ikaungua, ikajaa maji. Waingereza walipoondoka wakidhani wameimaliza, kazi ya kuuokoa mzigo ilianza. Watu walipiga mbizi na kutoa bunduki na masanduku ya risasi.

Masanduku yalikuwa yamelowa maji ya chumvi. Mwanzoni risasi zilionekana ziko sawa, lakini kadiri siku zilivyosonga baruti na fataki ziliharibika, na zile zilizogoma kuwaka zikaongezeka. Ikabidi zifunguliwe zote. Katika kumbukumbu zake Lettow-Vorbeck anaeleza kwamba kwa miezi kadhaa askari wote waliopatikana pale Moshi mpya, mwisho wa reli iliyotoka Tanga, walifanya kazi hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni. Walifungua risasi, wakasafisha baruti, na pale ilipobidi wakatia fataki nyingine zilizokuwepo kwenye koloni, ambazo hata hazikuwa za aina ile ile. Kisha zikajaribiwa. Risasi nzuri ambazo hazikuguswa na maji ziliwekewa bunduki za rashasha. Zile zilizofunguliwa na kufungwa upya, fungu ambalo karibu asilimia 20 ziligoma, zilipelekwa vitani. Zilizogoma zaidi ya hapo zikabaki za mazoezi.

Hebu ifikirie hiyo asilimia 20 kidogo. Unafyatua mara tano, mara moja unasikia "klik" tu, na mbele yako kuna mtu ambaye bunduki yake haina shida hiyo. Na yaliyofunga risasi hizo ni mikono ya askari wenzako.

Leo ukitaka kujua habari za watu wanaojaza maganda ya risasi upya kwa mikono, utaambiwa ni hobi ya Wamarekani, kitu cha gereji na wikendi. Kumbe mwaka 1915, chini ya Kilimanjaro, kulikuwa na karakana ya kazi hiyo hiyo, na ilikuwa na Waafrika wengi kuliko gereji yoyote. Lettow-Vorbeck anawataja kwa neno moja tu: askari. Upande wa pili wa mpaka, masanduku ya risasi za Waingereza yalibebwa na watu ambao nao wana neno lao moja. Waliitwa Carrier Corps, ulimi wetu ukalifanya Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor hapa Nairobi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Tunapita Kariokor kununua viondo na kula nyama choma, na shaba iliyopita kichwani kwa watu hao haina hata kibao.

*

Jibu la zile nyufa lilitoka Woolwich, mahali pale pale alipokuwa Boxer. Mwaka 1921 watafiti watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson, walichapisha kazi yao kwenye jarida la taasisi ya madini ya Uingereza. Walionyesha kwamba nyufa za msimu zinahitaji vitu viwili vikutane: mkazo uliobaki ndani ya brasi, na amonia nje yake. Ukiondoa kimoja, ganda linapona.

Farasi huwezi kuwaambia waache kukojoa. Unaweza kuhamisha ghala, lakini amonia iko kwenye samadi, kwenye mbolea, kwenye vyoo, na jeshi haliwezi kunusa kila mahali linapolala. Kilichobaki ni kuuondoa mkazo.

Hapa ndipo utafiti ulipokuwa na akili. Kulainisha brasi kabisa si shida, ni suala la moto mkali tu. Lakini ganda lililolainishwa kabisa halifai tena. Likifyatuliwa litavimba na lisirudi, na kitako kikiwa laini bunduki inaweza kukulipukia usoni. Walichohitaji ni moto mdogo. Ilijulikana kwamba ukiipasha brasi joto la wastani, karibu nyuzi 250 au 300 hivi, ukaiacha kwa muda, ile mivutano ya ndani inaachia huku ugumu wake ukibaki karibu vile vile. Umbo halibadiliki. Herufi na namba zilizopigwa kitakoni zinabaki. Ukilishika huoni tofauti yoyote, ila sasa unaweza kuliweka kwenye zizi.

Kwa hiyo kuna moto wa aina mbili. Ule wa mjomba, unaofika wekundu, unasahaulisha kila kitu ili nyundo ianze upya. Na huu wa pili, ambao haufuti kazi iliyofanywa, unaondoa tu maumivu yaliyobaki kutoka kwenye kazi hiyo. Kwa Kiingereza yote mawili huchanganywa chini ya neno moja, na naona ndiyo sababu darasani hatukuielewa tofauti yake vizuri. Fundi anaielewa kwa rangi.

*

Kutoka kiwandani maarifa haya yalifika jikoni kwa watu, hasa Marekani. Huko kujaza risasi nyumbani kulikuwa kumeanza zamani, kwa sababu rahisi: ganda ndilo sehemu ya bei, na ndilo pekee linalobaki baada ya kufyatua. Wawindaji wa nyati wa miaka ya 1870, wakiwa mbali na duka lolote, walibeba vifaa vya kujaza maganda yao wenyewe. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal kule Connecticut, akauza koleo la mkono lililofanya karibu hatua zote. Mwaka 1943 Fred Huntington alianza kampuni yake ya RCBS mjini Oroville, California. Mwaka 1958 Richard Lee akatoa kifaa cha bei ya chini kilichotosha kwenye kiganja, ambacho unakigonga kwa nyundo ya plastiki mezani.

Wote hao walikutana na adui yule yule. Kila ganda likifyatuliwa linavimba, na ili litumike tena lazima lifinywe lirudi saizi yake. Vimba, finya, vimba, finya. Shingo inakomaa kama brasi chini ya nyundo, na baada ya mizunguko kadhaa inapasuka kwa urefu. Dawa ni moto pale shingoni tu. Njia ya kizamani ni ya kupendeza kwa urahisi wake: maganda matupu, yasiyo na baruti wala fataki, yanasimamishwa kwenye sinia yenye maji yanayofunika nusu ya chini. Chumba kinatiwa giza kidogo ili rangi ya brasi ionekane. Moto wa gesi unapita shingoni sekunde chache, halafu ganda linaangushwa majini.

Hayo maji yamezaa uongo mmoja ambao umeishi muda mrefu. Watu wengi huamini kwamba kuzamisha majini ndiko kunakoilainisha brasi, au kwamba kunaifanya iwe ngumu kama kisu cha chuma. Chuma cha pua ndicho kinachokuwa kigumu kikipozwa ghafla. Brasi haijali, ipoze ghafla au iache ipoe yenyewe, ulaini ni ule ule. Maji yapo pale kwa kazi nyingine: kuuzuia moto usiteremke kitakoni. Shingo inatakiwa isahau. Kitako kinatakiwa kikumbuke kila pigo kililopata, kwa sababu ugumu huo ndio unaomlinda mwenye bunduki.

Nilimwuliza mjomba kwa nini yeye anatumbukiza bangili zake majini, kama haileti tofauti. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakunywa chai ikiwa moto. "Ili niishike, bwana. Wateja watanisubiri ipoe?"

*

Kwetu hii haijawahi kuwa hobi. Wakati wa hali ya hatari, miaka ya 1950, kukutwa na silaha au risasi bila kibali kulifanywa kosa la kunyongwa. Zaidi ya watu elfu moja walinyongwa miaka hiyo, na si wachache ambao hatia yao ilikuwa risasi tu. Dedan Kimathi mwenyewe alihukumiwa mwaka 1956 kwa kukutwa na bastola na risasi zake, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Nyanya yangu alikuwa msichana wakati huo. Mjomba anasema mpaka anakufa, alikuwa akiona kitu chochote kidogo cha njano kinang'aa njiani, anavuka barabara.

Na bado sheria ni kali, kwa hiyo usisome makala hii ukaenda kuokota kitu.

Naandika haya kwa sababu mwaka jana lilikuja ganda kibandani. Wote mnakumbuka tarehe 25 Juni 2024. Waandamanaji waliingia Bungeni, risasi za moto zikafyatuliwa katikati ya jiji, watu wakafa, wengi wao wa umri wangu au chini. Siku zile picha za maganda kwenye viganja vya watu zilizunguka kwenye simu zetu zote. Miezi ilipita. Halafu siku moja mchana akaja kijana mmoja, mpole, akatoa ganda mfukoni likiwa limefungwa kwenye tishu. Alitaka mjomba aliyeyushe atengeneze pete. Alisema ni la rafiki yake. Hakusema zaidi na hatukumwuliza.

Mjomba alilichukua kwa ncha za vidole, akaligeuza, akasoma zile namba za kitakoni kwa kioo chake cha kukuzia. Kisha akalifunga tena kwenye tishu vile vile lilivyokuja.

"Nikiliyeyusha hili," alimwambia, "litakuwa brasi tu. Kama mfereji. Hakuna mtu atajua tena lilitoka wapi."

Yule kijana akasema ndivyo anavyotaka. Kwamba amelala nalo chini ya mto tangu siku ile, na hawezi tena.

Mjomba alinyamaza kitambo. Nilidhani atamfukuza, kwa sababu biashara yake ni ndogo na matatizo ya aina hiyo huja na gari. Badala yake alimpa kigoda, akamwagiza mtoto wa jirani alete chai tatu na mandazi. Wakakaa. Wakaongea juu ya mpira, juu ya bei ya makaa, mwisho juu ya huyo rafiki. Mimi niliendelea kusugua bangili na kusikiliza. Kijana aliongea karibu saa nzima. Kuna mahali alilia, mjomba akainuka akaanza kupanga makaa ambayo hayakuhitaji kupangwa.

Jioni alipoondoka ganda alilibeba. Mjomba alimwambia kuna wakili mmoja wa mtaani anayesaidia familia za waliopigwa risasi bila malipo, ampelekee aliweke yeye, namba zake zikiwa zinasomeka. Sijui kama alifika. Pete alitengenezewa, lakini kutoka kwa kufuli, na hakulipishwa.

Usiku nikamweleza mjomba habari za Woolwich na ule moto mdogo, unaoondoa mkazo bila kufuta namba za kitakoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hao wazungu watatu walikuwa wanapiga brasi wao wenyewe au walikuwa na mafundi. Nikasema sijui, majina yaliyoandikwa ni hayo matatu.

"Walikuwa na fundi," akasema, akafunika jiko.